Posa iko njiani, na damu yangu haigandi upesi

Somo, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Nakuandikia usiku, watu wamelala, maana jambo lenyewe sijui nilisemee wapi.

Tangu nivunje ungo nikiwa na miaka 13, siku zangu ni nzito. Wenzangu huingia mwezini siku nne au tano, mimi ni tisa, pengine kumi. Siku tatu za mwanzo nabadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili. Usiku natandika kanga juu ya shuka na taulo juu ya kanga. Nguo zangu zote za kazini ni nyeusi au bluu iliyokoza, na sijawahi kushuka kwenye daladala siku hizo bila kugeuka kutazama kiti. Mama alikuwa akiniambia, "Wanawake wa kwetu ndivyo tulivyo, damu zetu nyingi." Nikaamini.

Mwaka jana niling'olewa jino, damu ikatoka siku mbili mfululizo. Daktari wa meno akaniuliza maswali mengi, akaniandikia barua, nikaenda Dar es Salaam kwa daktari wa magonjwa ya damu. Baada ya vipimo akaniambia nina ugonjwa wa Von Willebrand, aina ya 1, ile nyepesi. Kipimo changu kilikuwa asilimia 34. Akasema ni wa kurithi, hauambukizi wala si saratani, na kwamba nitaishi nao. Wingi wa damu ulikuwa 8.1, chini ya kawaida, nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Kwanza nilifurahi kwamba kitu hiki kina jina. Hofu ikaja baadaye.

Somo, niliwahi kuposwa. Ni miaka mitatu iliyopita, kabla sijajua naumwa nini. Kwenye harusi ya jirani nilichafuka, kiti kikabaki na alama, na dada wa mchumba wangu akaona. Hazikupita wiki mbili, maneno yakaenea kwamba nina maradhi ya damu, kwamba nitawazalia watoto wagonjwa. Wazee wao wakaja kuchukua kishika uchumba chao. Yeye mwenyewe hakuniuliza neno hata moja.

Sasa kuna mwingine. Anafanya kazi bandarini, ana miaka 32, tumejuana mwezi wa nane huu. Ni mtu mpole, na nikicheka naye nasahau mambo yangu. Anataka kutuma wazee mwezi ujao. Mama anasema ninyamaze mpaka niolewe, mwanamume haelezwi mambo ya damu. Tena mama ana lake moyoni: anamtaka mtoto wa mjomba wangu aliyeko Muheza. Anasema, "Huyo wa ndani, atakusitiri. Naye utotoni alikuwa na muhina, ile damu ya puani, mpaka akalazwa, mtaelewana." Mimi moyo wangu hauko huko.

Je, nimwambie huyu wa bandarini? Nitazaa salama? Na kweli yupo mtu atakayempenda mwanamke anayelala juu ya taulo?

Binti wa Ngamiani, Tanga

*

Marahaba, mwari wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nikasimama kwenye maneno ambayo wewe umeyapita mbio: mtoto wa mjomba alikuwa na muhina mpaka akalazwa. Nianzie hapo, kwa sababu swali hilo hukuliuliza na ndilo lenye haraka kuliko yote.

Ugonjwa wa Von Willebrand, hiyo aina yako ya 1, kwa kawaida hurithiwa kutoka kwa mzazi mmoja. Mzazi mwenye nao ana nafasi nusu kwa nusu ya kumpa kila mtoto, wa kike au wa kiume sawasawa. Wewe umeupata kwa mtu. Mama yako anasema wanawake wa kwao wote damu zao nyingi, na mtoto wa kaka yake alikuwa akitokwa na damu puani hata kulazwa. Siwezi kumpima mtu kwa barua, ila ningekuwa mbele ya mama yako ningemwambia kwamba huenda ameshatutajia ukoo mzima bila kukusudia. Kama wewe na binamu yako nyote mnao, kila mtoto wenu atakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuurithi pande zote mbili. Na mtoto wa namna hiyo anaweza kuzaliwa na aina kali, ya 3, ambayo protini ya kusaidia damu kuganda karibu haipo kabisa mwilini, na damu huvuja hata ndani ya magoti. Hiyo si nyepesi tena.

Kwa hiyo "mtaelewana" ya mama imekaa vibaya. Simlaumu. Pwani yetu tumeoana binamu kwa binamu miaka na miaka, na mara nyingi ndoa hizo zimekuwa za heri. Lakini kwenye nyumba yenye ugonjwa wa kurithi, ndoa ya ndani ndiyo ya kufikiriwa mara mbili, tena kwa vipimo mkononi. Huyo wa bandarini, ambaye kwao hawana undugu na kwenu, kwa upande huu ni salama zaidi kwa watoto wako kuliko mtu wa nyumbani. Mpelekee mama hoja hiyo, kwa adabu, na mapema. Na binamu yako naye apimwe, kwa faida yake mwenyewe na ya atakayemuoa.

Sasa damu yako. Nataka uijue vizuri kiasi cha kuweza kuieleza ukiwa unakunywa chai. Mshipa ukikatika, chembe sahani hukimbilia pale kuziba tundu. Zinahitaji kitu cha kuzinatisha kwenye ukuta wa mshipa, kama unga unavyohitaji maji ili ushikamane, na kitu hicho ndiyo hiyo protini yenye jina la Von Willebrand. Mtu wa kawaida huwa na asilimia 50 mpaka 200. Wewe una 34. Unayo, inafanya kazi, ila ni kidogo, kwa hiyo tundu linazibika taratibu. Hakuna uchafu kwenye damu yako wala ubovu. Inakadiriwa kwamba hata mtu mmoja kati ya 100 ana upungufu wa protini hii, na walio wengi hawajui na hawatajua.

Jina ni la daktari wa Ufini, Erik von Willebrand. Mwaka 1926 aliandika habari za ukoo mmoja wa visiwa vya Åland, akianzia na binti wa miaka mitano aliyeletwa kwake. Mpaka wakati huo kutokwa damu kwa kurithi kulijulikana kama maradhi ya wanaume, ile hemofilia. Yeye akaona wanawake nao wamo, tena wao ndio wanaoteseka zaidi kwa sababu ya hedhi na uzazi. Binti yule alikuwa na aina kali, na alifariki akiwa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne. Sikutajii hili kukutisha. Wewe nawe ulivunja ungo na miaka 13. Tangu hapo umevuka hedhi zaidi ya 150, bila dawa, bila jina la ugonjwa, ukisimama mbele ya watoto darasani na nguo nyeusi na wingi wa damu 8.1, kiwango ambacho mtu mwingine asingeweza kupanda ngazi. Mtu wa namna hiyo ananiuliza kama anastahili kupendwa!

Hapa niseme langu. Nilikuwa mkunga kwa miaka mingi. Kulikuwa na mama mmoja, mtoto wake wa tatu, alijifungua vizuri, akaenda nyumbani. Siku ya tisa akarudi amebebwa. Aliniambia, kwa sauti ndogo, kwamba hata kwa watoto wawili wa kwanza ilikuwa hivyo, damu ilirudi baada ya wiki. Nami nilishaandika kwenye karatasi yake kwamba kila kitu ni cha kawaida, kwa sababu sikumuuliza. Alipona, lakini nimebaki naye moyoni. Tunawaambia mabinti "ndivyo tulivyo" kwa kuwa nasi tuliambiwa hivyo, na neno hilo linapita kutoka kwa bibi kwenda kwa mama kwenda kwa mtoto pamoja na ugonjwa wenyewe.

Ndiyo maana sikuoni kama unapigana na mama yako. Nadhani mama naye amelala juu ya taulo tangu ujana wake, na hakuna aliyempa jina la jambo hilo. Anaposema unyamaze anakufundisha njia pekee aliyoijua yeye.

Nije kwa huyu wa bandarini. Mwambie. Mwambie kabla wazee hawajatoka kwao, na umwambie wewe, kwa mdomo wako.

Najua unachokiogopa, kwamba yule wa kwanza alikimbia aliposikia. Lakini tazama vizuri alisikia nini na kutoka kwa nani. Hakusikia kwako. Alisikia "maradhi ya damu" kutoka kwa dada aliyeona alama kwenye kiti, na maneno hayo masikioni mwa watu yanaweza kuwa kitu chochote. Wewe mwenyewe wakati ule hukuwa na la kumjibu, kwa sababu hukujua. Na yeye hakuuliza. Mwanamume anayeletewa habari ya mchumba wake asimwendee kumuuliza angekuacha kwa jingine lolote. Safari hii una kitu ambacho hukuwa nacho: una jina, una namba, una majibu ya daktari kwenye bahasha. Siri ikikaa mpaka baada ya nikaha, siku itakapotoka mumeo hatahesabu protini. Atahesabu miezi uliyomficha.

Usimwambie kwa simu, wala usimwambie ukilia. Nendeni Raskazone jioni, mkae mahali penye upepo, watu wapo ila hawasikii. Usianze na "nina jambo baya". Sema kama unavyoeleza kwamba una miwani. Kwa mfano: "Kabla hujatuma wazee nataka ujue kitu cha mwili wangu. Nimezaliwa na damu inayochelewa kuganda. Nikijikata inachukua muda, na siku zangu za mwezi ni nzito. Ugonjwa huu hauambukizi. Kuna dawa. Watoto wetu wanaweza kuurithi, kila mmoja nusu kwa nusu, na akiurithi atakuwa kama mimi unayeniona hapa. Niulize unalotaka." Kisha nyamaza, mwari wangu. Kunyamaza hapo ndiko kugumu. Mwache aulize, hata swali la kijinga, na ulijibu. Akitaka siku mbili tatu za kufikiri, mpe bila kununa, maana wewe umepewa mwaka mzima.

Akikupokea, mwambie pia lile la kiti. Nataka ajue ili siku nyingine mkiwa harusini akuvulie koti lake kabla hujamwomba. Akikataa utaumia, sitakudanganya, lakini utaumia ukiwa kwenu, bila mahari ya kurudisha.

Haya, na ule mzigo wa kila mwezi tuushughulikie, maana ujasiri haukai vizuri kwa mtu anayezunguka kizunguzungu. Rudi kwa daktari wako umuulize kuhusu dawa inayoitwa traneksamiki. Ni vidonge vinavyomezwa zile siku nzito tu, vinalinda damu iliyokwisha kuganda isiyeyuke. Si homoni na havizuii mimba. Daktari ndiye atakayepima kama vinakufaa na kwa kiasi gani. Zipo njia nyingine, vidonge vya homoni na kitanzi chenye homoni, hizo mzungumze naye baadaye. Vidonge vyako vya chuma usimeze na chai, chai inazuia chuma kuingia mwilini. Meza na chungwa, na wewe uko jirani na Muheza, machungwa hayakupigi chenga. Maumivu ya tumbo tuliza kwa paracetamol. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki kaa nazo mbali, maana zinalegeza zile chembe sahani ambazo tayari zinahangaika. Diklofenaki hasa, kwa sababu kwetu watu wanachomwa sindano yake kwa kila kiungo kinachouma. Andika jina la ugonjwa wako na kundi lako la damu kwenye karatasi ngumu, uiweke pamoja na kitambulisho.

Usiku wa harusi hukuuliza, lakini somo gani huyo asiyelisema? Kama kwenu bado wanatandika kisarawanda, kile kitambaa cha kuonyesha ubikira, fahamu kwamba kwa mwili wako damu ya usiku ule inaweza kuzidi ya wengine, na kuendelea. Zungumza na daktari kabla, uwe na dawa karibu. Mwambie mumeo msiwe na haraka. Na kungwi wako ajue, asije akashangilia kitu ambacho kinataka kupelekwa hospitali. Ikiwa pedi zinajaa moja baada ya nyingine, nendeni usiku uleule.

Kuzaa utazaa, inshallah. Tena mwili una hekima yake hapa: mimba inapokua, ile protini hupanda, na wengi wenye aina ya 1 wanafika siku ya kujifungua wakiwa na kiwango cha kawaida. Hatari iko nyuma yake. Baada ya kujifungua kiwango kinashuka tena, na damu inaweza kuja wiki ya kwanza, ya pili, hata ya tatu, wakati wageni wameshaondoka na wewe umebaki na mtoto. Usijifungulie nyumbani. Kliniki ya kwanza kabisa sema ugonjwa wako, na waulize nani atakufuatilia arobaini yote. Mtoto akiwa wa kiume, tohara isubiri mpaka daktari aseme sawa, hata kama babu yake ana haraka.

Umesema wewe ni mwalimu, nami nadhani tu ni mtu wa swala, basi nikukumbushe la Fatma bint Abi Hubaysh. Alimwendea Mtume, akamweleza waziwazi kwamba damu yake haikatiki, je, aache kuswali? Akajibiwa kwamba ule ni mshipa, si hedhi. Swali la damu, lililoulizwa na mwanamke, likajibiwa bila mtu kuinamisha kichwa, na hadi leo linasomwa madrasa. (Siku zako kumi bado ni hedhi kwa Shafii, ukomo wake ni 15. Zikivuka hapo ndipo hukumu inabadilika.) Kama yeye aliweza kulisema mbele ya Mtume, wewe utaweza kulisema Raskazone.

Jambo la mwisho ni la leo usiku, kabla ya yote haya. Mama akishaswali isha, kaa naye jikoni, umuulize: uliponizaa mimi, damu ilikatika siku ya ngapi? Usimwambie kwanza kwa nini unauliza. Msikilize mpaka amalize. Kisha mwombe mwende pamoja Dar, Muhimbili au hospitali nyingine kubwa yenye kliniki ya magonjwa ya damu, naye akatolewe damu kidogo. Na kama una mdogo wako wa kike, mchukueni.

Wako, Somo